Kuandaa na kusimba diski kubwa ya nakala rudufu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natunza kompyuta za studio mbili za picha na ofisi kadhaa ndogo hapa Dar es Salaam. Harusi moja, ukijumlisha sendofu na kicheni pati, inaleta gigabaiti mia tatu za video au zaidi, kwa hiyo habari ya diski kubwa haiishi mdomoni mwangu. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa dukani na kwenye WhatsApp karibu kila wiki. Kusimba, ninaposema humu, ni kuyageuza mafaili kuwa fumbo lisilosomeka mpaka mtu aweke nenosiri sahihi.

Diski yenyewe inakaa kabatini. Ya nini kuisimba?

Kwa sababu hiyo ndiyo diski yenye kila kitu, na inaingia mfukoni. Mwizi akichukua laptopu yako atapata kazi za mwaka huu. Akichukua diski ya nakala rudufu anapata maisha yako yote tangu 2014, yamepangwa vizuri kwa folda na tarehe. Nenosiri la kuingilia Windows halisaidii hapo. Anachomeka diski kwenye kompyuta yake na kusoma kama anavyosoma flashi.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huikumbuka wakiwa wamechelewa. Diski ikifa ndani ya muda wa garantii, muuzaji anataka uirudishe. Utaifutaje wakati haiwaki? Iliyosimbwa tangu siku ya kwanza unairudisha bila wasiwasi, isiyosimbwa unaikabidhi pamoja na hati za kiwanja na picha za wateja.

Na kama unatunza taarifa za watu wengine, fahamu kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinamdai anayetunza taarifa za watu azilinde.

Ninunue ya ukubwa gani?

Jumlisha ulichonacho sasa, kisha zidisha kwa mbili. Ndogo za inchi 2.5 zinapata umeme kupitia waya wa USB na zinaishia terabaiti 5 au 6. Ukitaka 8 na kuendelea unaingia kwenye zile kubwa za inchi 3.5 zenye adapta yake ya ukutani. Kwa nakala rudufu diski ya kuzunguka (ile yenye sahani inayozunguka ndani) inatosha kabisa. SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni nzuri, lakini kwa ukubwa huo bei yake inauma, na haifai kuachwa miaka kabatini bila umeme.

Nimeona SSD ya terabaiti 16 kwa bei ya mlo wa watu wanne. Ni kweli?

Hapana. Mteja wangu mmoja aliniletea ya namna hiyo, kiboksi chepesi cha bati kinachong'aa. Tulipofungua skrubu mbili tulikuta kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu, imebandikwa kwa gundi juu ya ubao wenye tundu la USB. Vingine vyote vilikuwa hewa. Ubao umechezewa ili uidanganye kompyuta kwamba nafasi ipo. Unanakili, mafaili yanaonekana kwa majina, hata ukubwa unaonekana, lakini ukifungua video ya juzi hakuna kitu, maana kadi ilijaa zamani na mapya yanaandikwa juu ya ya zamani.

Dawa ni kuijaribu kabla hujaiamini. Kwenye Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinajaza diski yote kwa data zinazojulikana, kisha zinazisoma tena na kulinganisha. Diski feki haivuki mtihani huo.

Nimenunua terabaiti 8, mbona Windows inaonyesha 7.27? Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1,024 mara nne, kisha inaandika TB vilevile. Ya 4 itaonekana 3.63. Ichomeke kwenye Mac utaona 8 kamili, kwa kuwa Apple wanahesabu kama kiwanda.

Imefika, nimeitoa kwenye boksi. Nianze na nini?

Usianze kunakili. Diski mpya huwa inakufa mapema sana au inakaa miaka, na ile ya kufa mapema ni afadhali ife ikiwa tupu. Mimi huijaza yote mara moja na kuisoma yote, kwa H2testw au F3 zilezile, kisha naangalia afya yake: CrystalDiskInfo kwenye Windows, amri ya `smartctl -a` kwenye Linux. Namba ninazozitafuta ni mbili, sekta zilizohamishwa, yaani vipande vidogo vya diski vilivyoharibika na kuwekewa vingine (namba 5 kwenye orodha) na sekta zinazosubiri kuhamishwa (197). Kwa diski mpya zote ziwe sifuri. Ikionyesha hata 8 tu, naifunga kwenye boksi lake na kuirudisha dukani siku hiyohiyo, bila mjadala.

Jiandae kwa muda. Diski ya kuzunguka kwenye USB 3 huenda megabaiti 120 hivi kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti 8 ni kama saa 18 na nusu kuandika, na saa nyingine kama hizo kusoma. Ukichomeka kwenye tundu la USB 2 kwa bahati mbaya, zidisha kwa tatu au zaidi. Nimewahi kusubiri siku nzima kabla sijashtuka kwamba nilitumia waya wa zamani wa kuchaji simu.

GPT au MBR? NTFS au exFAT?

Hiyo ni mipango ya kuigawa diski katika sehemu. Chagua GPT, kwa diski yoyote inayozidi terabaiti 2. MBR ni mpango wa zamani na kwa kawaida hauwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Ukiutumia, nafasi iliyobaki haitatumika.

Mfumo wa mafaili, yaani namna mafaili yanavyopangwa ndani ya diski, unategemea ni kompyuta gani itakayoisoma. Windows peke yake: NTFS. Linux peke yake: ext4, na kumbuka kwamba kwa kawaida ext4 inatenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwenye terabaiti 8 hizo ni gigabaiti 400 zimekaa bure, kwa hiyo fomati kwa `mkfs.ext4 -m 0`. Mac peke yake: APFS. Ukitaka diski itembee kati ya Windows na Mac, exFAT, kwani Mac inasoma NTFS ila haiandiki mpaka uongeze programu. FAT32 isahau, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video ya nusu saa tu inaweza kulivuka hilo.

exFAT ina udhaifu wake: haina daftari la kumbukumbu za mabadiliko yanayoendelea kuandikwa kama NTFS, kwa hiyo waya ukichomolewa katikati ya kuandika inaumia kirahisi zaidi. Mimi huitumia pale ambapo hakuna njia nyingine.

Nitumie programu gani kusimba?

Ile iliyokuja na mfumo wako, kama ipo. Kwenye Windows ya Pro ni BitLocker: bofya kitufe cha kulia juu ya diski, washa BitLocker, weka nenosiri, hifadhi ufunguo wa urejeshi (tarakimu 48 za kufungulia diski ukisahau nenosiri). Itakuuliza kama isimbe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Diski mpya ambayo haijawahi kuwekwa kitu chako, chagua nafasi iliyotumika, inamaliza haraka. Iliyokwisha kutumika, chagua nzima, maana mafaili uliyoyafuta bado yamo chini yake na yanaweza kuchimbuliwa.

Kwenye Mac, fungua programu ya kusimamia diski, chagua mpango wa GUID (ndiyo GPT hiyohiyo), kisha APFS iliyosimbwa. Ukiwa unatumia Time Machine, programu ya Mac ya nakala rudufu, weka alama ya kusimba wakati wa kuichagua diski, basi.

Kwenye Linux ni LUKS. Nitaieleza hapo chini.

Windows yangu ni Home, BitLocker haionekani.

Ndiyo. Home inaweza kufungua diski ya BitLocker iliyotengenezwa kwingine, lakini haiwezi kuitengeneza. Hapo tumia VeraCrypt, ya bure, iliyoanza 2013 kutokana na programu ya zamani ya TrueCrypt. Inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na kwa hiyo ndiyo ninayompa mtu mwenye kompyuta za aina tofauti.

Ila VeraCrypt ina mtego ambao umeniletea kilio. Ukiisimba diski nzima, Windows haiitambui tena. Ukiichomeka inatokea dirisha la kusema diski hii lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha kukubali kiko palepale chini ya kidole. Ofisi moja ninayoihudumia, kijana aliyekuwa anafanya mazoezi ya kazi alichomeka diski, akasoma ujumbe, akaona anasaidia. Akabonyeza. Nilipofika alikuwa bado amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, akiangalia diski iliyoandikwa kwamba ina nafasi yote wazi.

Tuliokoa sehemu kubwa. VeraCrypt huweka nakala ya pili ya kichwa chake (sehemu ndogo inayobeba ufunguo halisi wa diski) mwishoni mwa diski, na ina sehemu ya kurejesha kichwa hicho. Lakini mafaili yaliyokuwa pale fomati ilipoandika hayakurudi. Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili: naiondolea ile diski herufi yake (E, F au iliyopewa) ndani ya programu ya Windows ya kusimamia diski, ili lile dirisha lisitokee kwenye kompyuta hiyo, na nabandika karatasi juu ya boksi: USIFOMATI, IMESIMBWA. Karatasi ndiyo iliyosaidia zaidi.

Njia nyingine ni kutengeneza faili kubwa la VeraCrypt ndani ya diski ya kawaida. Windows inaiona diski, haiulizi kitu, na ndani kuna faili moja la terabaiti kadhaa. Kwa mtu anayeazima azima diski yake, hii ni salama zaidi.

Nipe hatua za Linux.

Andika `lsblk` kwanza, uangalie ukubwa, uhakikishe ni diski ipi. Kisha andika `lsblk` tena. Sifanyi mzaha: herufi moja ikikosewa unasimba diski yenye mafaili yako.

Baada ya kutengeneza mpango wa GPT na sehemu moja: `cryptsetup luksFormat /dev/sdX1` (mahali pa X weka herufi ya diski yako). Itakutaka uandike YES kwa herufi kubwa; hapo ndipo mahali pa mwisho pa kurudi nyuma. Fungua kwa `cryptsetup open /dev/sdX1 nakala`, fomati kwa `mkfs.ext4 -m 0 /dev/mapper/nakala`, umemaliza.

Imebaki amri moja tu, `cryptsetup luksHeaderBackup`, ambayo wengi wanairuka. LUKS huweka ufunguo halisi mwanzoni mwa diski, ndani ya megabaiti chache. Nenosiri lako linafungua sehemu hiyo tu. Zikiharibika megabaiti hizo, terabaiti 8 zote zimekuwa kelele tupu hata kama nenosiri unalijua kama jina la mama yako. Hifadhi nakala ya kichwa hicho mahali pengine, kwenye flashi mbili.

Itapunguza kasi?

Kwa kompyuta ya miaka kumi iliyopita kuja huku, hutaona tofauti. Vichakataji vingi vya sasa vina maelekezo maalumu ya kufanya hesabu za kusimba (AES), na diski ya kuzunguka ndiyo inayochelewesha. Ukiona kasi imeporomoka baada ya saa moja ya kunakili, huenda diski yenyewe ni ya aina inayoandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa, ambayo huchoka ikijazwa mfululizo. Iache imalize.

Umeme ukikatika katikati?

BitLocker itaendelea ilipoishia ukichomeka tena na kufungua. Pamoja na hayo usijaribu bahati: laptopu iwe na chaji, na kama diski ni ile ya adapta, iunganishe kwenye UPS, maana laptopu ina betri lakini diski hiyo haina. Ukitaka kuichomoa kwa hiari yako, simamisha kazi kwanza, kisha itoe kwa utaratibu.

Nenosiri liwe la namna gani?

Refu, na lisitoke kichwani mwako. Mtu akiambiwa atunge nenosiri gumu ataandika jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa na alama ya mshangao, na akiambiwa liwe refu ataandika "harakaharakahainabaraka", ambalo kila anayejua Kiswahili atalijaribu mapema.

Fanya hivi. Chukua kamusi, ifungue kwa kubahatisha, weka kidole bila kutazama, andika neno. Rudia mara sita. Utapata kitu kama *kiberiti mwani saruji pembetatu kilemba bamia*. (Hilo limekwisha kuandikwa hapa, kwa hiyo usilitumie.) Wenye kupenda hesabu wana njia ya dadu: orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu tano kwa kila neno. Maneno sita ya namna hiyo yanatoa michanganyiko ambayo idadi yake ni namba ya tarakimu 24. Na kwa kila nenosiri analojaribu mwizi, VeraCrypt inailazimisha kompyuta yake irudie hesabu mara 500,000 kwa mpangilio wa kawaida. Ndiyo maana hata wewe unasubiri sekunde kadhaa ukifungua.

Liandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa dirishani hatafuti karatasi iliyo ndani ya bahasha kwa dada yako Mbezi.

Ule ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker niuweke wapi?

Popote isipokuwa kwenye diski hiyohiyo. Nimeona mtu ameuhifadhi ndani ya folda ya "Muhimu sana" kwenye kompyuta, kisha folda ikanakiliwa kwenye diski iliyosimbwa, kisha kompyuta ikaibiwa. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Uchapishe. Ni makundi manane ya tarakimu sita sita. Mwenye studio mmoja alikuwa Morogoro kazini, nikalazimika kumpigia dada wa mapokezi anisomee kutoka kwenye bahasha. Alikuwa anasoma kwa mtindo wa tokeni ya LUKU, tarakimu nne nne, na mimi naandika sita sita, tukapotezana mara tatu. LUKU ni tarakimu 20 na watu bado hukosea. Chapisha kwa herufi kubwa, kila kundi kwenye mstari wake.

Nimesahau nenosiri na ufunguo sina. Kuna fundi anayeweza kufungua?

Hakuna. Kama yupo anayekuambia anaweza kwa malipo ya nusu kabla, ondoka. Diski iliyosimbwa vizuri haina mlango wa nyuma wa fundi, na ndiyo kazi uliyoilipia. Kama unakumbuka sehemu ya nenosiri, au unajua ulibadilisha herufi moja mbili, hapo kuna programu za kujaribu michanganyiko na inawezekana. Zaidi ya hapo diski inafomatiwa na kuanza upya.

Mama mmoja alinilipa nauli ya kuja kwake nikamwambie hivyo ana kwa ana, baada ya kunikatalia kwenye simu. Zilikuwa picha za marehemu mumewe. Nenosiri aliliweka mume.

Kusimba kunazuia virusi?

Hakuzuii. Diski ikiwa imefunguliwa, programu yoyote kwenye kompyuta inaiona kama wewe unavyoiona, pamoja na virusi vya kuteka mafaili na kudai fidia. Kinachozuia ni kuichomoa. Chomeka, nakili, toa, rudisha kabatini.

Vivyo hivyo kwa kufuta kwa bahati mbaya. Ukiweka programu ya kulinganisha folda ifanye pande zote zifanane, ukifuta kwenye kompyuta nayo itafuta kwenye diski. Tumia inayotunza matoleo ya nyuma.

Diski moja inatosha?

Haitoshi. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa studio zangu ni kompyuta, diski ya kabatini, na diski ya pili inayolala kwa shemeji wa mwenye studio. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi zinabadilishana zamu. Shemeji hajui kilichomo na hawezi kuangalia, na hapo ndipo kusimba kunapolipa.

Nitajuaje kwamba kweli inafanya kazi?

Ichukue diski, nenda kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, ifungue kwa nenosiri ulilolisoma kwenye karatasi, si ulilolikumbuka. Toa mafaili matatu, moja la zamani, moja la jana, moja kubwa la video, uyacheze mpaka mwisho. Kisha funga, ujaribu kwa ufunguo wa urejeshi. Kazi ya dakika ishirini kila miezi mitatu. Wateja wangu wote wanakubali kwa mdomo na wanaofanya ni wawili.

Nikifa, au nikilazwa, nani atafungua?

Jibu hili linahitaji mtu mwenye jina. Andika karatasi moja: diski ipi, iko wapi, ni programu gani inayoifungua, nenosiri. Iandike kwa mtu asiyejua kompyuta, kwa mfano "bonyeza alama ya kufuli, andika maneno haya sita kwa herufi ndogo, acha nafasi kati ya neno na neno". Weka kwenye bahasha, gundi, tia saini juu ya gundi, mpe mtu unayemwamini asiyekaa nyumba moja na diski. Ukibadilisha nenosiri, badilisha bahasha siku hiyohiyo.

Yule mama wa picha za mumewe sasa ana diski mpya. Bahasha yake iko kwa binti yake wa Arusha, na aliniita nikae pembeni wakati binti anaifungua kwa mara ya kwanza kwa kufuata karatasi, mimi nikiwa nimekatazwa kusema neno.